Fesi woshi: geuza chupa usome nyuma kabla hujatoa hela

Wiki iliyopita mdogo wangu kanitumia picha mbili WhatsApp, yuko Kariakoo kashika fesi woshi mbili, moja 8,000 nyingine 22,000, anauliza dada nichukue ipi. Picha zote kapiga mbele, ya 8,000 jani la aloe vera, ya 22,000 limau limekatwa linatiririka maji na maandishi makubwa eti haina salfeti, yani vile visafishaji vya povu ambavyo majina yake yanaishia na Sulfate. Nikamwambia geuza chupa unipigie nyuma, hapo mbele hamna cha kunisaidia.

Nyuma kuna orodha ya vitu vilivyomo na imepangwa kwa wingi, kilicho kingi kinatangulia, ndo maana karibu zote zinaanza na Aqua, yani maji. Ila vitu ambavyo havifiki asilimia 1 mtengenezaji anaruhusiwa kuvipanga anavyotaka mwishoni huko, na hapo ndo wengi tunapigwa. Mimi natafuta neno Phenoxyethanol, ni dawa ya kuzuia bidhaa isiharibike, ipo kwenye bidhaa nyingi sana na Ulaya sheria yao hairuhusu izidi asilimia 1, kwa hiyo chochote kilichoandikwa baada yake kiko kidogo mno. Ile ya 8,000 yenye jani zima la aloe vera mbele, aloe yenyewe ilikuwa imekaa nyuma ya manukato na nyuma ya hiyo Phenoxyethanol. Yani imedondoshewa tu.

Sasa kitu kikubwa kuliko vyote ni kile kinachosafisha, kinachotoa povu na kung'oa mafuta, huwa kinakaa nafasi ya pili mpaka ya nne. Hapo ndo mnapotakiwa kulinganisha chupa na chupa. Ukiona Sodium Lauryl Sulfate hiyo ni kali, inasafisha kweli lakini inang'oa mpaka mafuta ambayo ngozi inayahitaji. Sodium Laureth Sulfate majina yanafanana ila hii ni laini zaidi, angalia hizo herufi "eth" katikati, na ikiwekwa pamoja na Cocamidopropyl Betaine ambayo inatokana na nazi ukali unapungua tena. Za upole zaidi ni zile zinazoishia na glucoside, kama Decyl Glucoside au Coco-Glucoside, na Sodium Cocoyl Isethionate. Hizo za glucoside mara nyingi povu lake dogo, na watu wakiona povu dogo wanasema haisafishi, jamani povu sio usafi.

Na hilo neno la kutokuwa na salfeti mlichunguze vizuri, maana kuna kitu kinaitwa Sodium C14-16 Olefin Sulfonate, kweli sio salfeti ila kinaweza kukausha uso vilevile. Hata uzito wa fesi woshi usikudanganye, nyingi zinafanywa nzito kwa chumvi ya kawaida tu, Sodium Chloride, ipo imeandikwa hapohapo.

Sabuni ya kipande nayo niiseme kidogo kwa sababu ndo imenikausha mimi miaka. Ukisoma Sodium Palmate, Sodium Cocoate au Sodium Tallowate hiyo ni sabuni halisi, mafuta ya mawese au nazi au ya mnyama yaliyochemshwa na kostiki, ile kemikali kali ya kutengenezea sabuni. pH yake, yani kipimo cha asidi na alkali, inakuwa 9 mpaka 10 wakati uso wetu uko kwenye 5 hivi, na ndo ule ubanaji unausikia ukishajifuta, mtu anasema "nimetakata" kumbe ngozi inalia. Alafu kwa sisi wa Dar wenye maji ya kisima ya chumvi ni shida mara mbili, nenda bafuni sasa hivi uangalie beseni, ule utando mweupe ulio kama maziwa yaliyoganda unaobaki pembeni ni sabuni imeungana na chokaa ya kwenye maji, na utando huohuo unabaki usoni hata ukisuuza vipi. Nilihangaika na vipele vidogovidogo kwenye paji la uso muda mrefu nikibadilisha mafuta kila mwezi, nilipoacha kipande nikahamia fesi woshi isiyo sabuni ndani ya wiki chache uso ukatulia, na maji ni yaleyale ya kisima. Hizo za betaine na glucoside hazifanyi ule utando.

Ukishajua kinachosafisha angalia kinachorudisha unyevu. Glisirini ikiwa nafasi ya pili au ya tatu hiyo ni ishara nzuri sana kwa ngozi kavu. Na usiogope kila neno alcohol, Cetyl Alcohol na Cetearyl Alcohol ni kama nta laini, zinalainisha. Inayokausha ni Alcohol Denat ikiwa huko juu mwanzoni.

Wenye chunusi na ngozi ya mafuta, asidi ya salisiliki ndo ya kutafuta, inaingia kwenye vinyweleo vilivyoziba kwa sababu inapatana na mafuta, huwa wanaweka asilimia 0.5 mpaka 2. Iache usoni dakika moja hivi ndo usuuze, ukipaka na kutoa papo hapo umeimwaga hela. Benzoili peroksaidi inaua bakteria wa chunusi, anza na asilimia 2.5 na tumia taulo jeupe, inachujisha rangi ya taulo na foronya vibaya. Vitamini C na kolajeni kwenye kitu unachokisuuza baada ya nusu dakika mimi siongezi hata mia.

Ukiwa na ngozi inayowashwa haraka basi kimbia Parfum au Fragrance, na Methylisothiazolinone, nayo ni dawa ya kuzuia bidhaa isiharibike, hii imewapa watu wengi aleji mpaka madaktari wa ngozi wa Marekani wakaitangaza kuwa kisababishi cha aleji cha mwaka 2013.

Hapa nawaomba sana mnisikilize. Sabuni za kung'arisha uso. Ukiona Calomel, Mercurous Chloride au Mercuric Iodide hiyo ni zebaki, inaharibu figo na mishipa ya fahamu na inamfikia mpaka mtoto tumboni. Nyingine hazijaandika chochote lakini maelezo yanakuambia usiishike ukiwa umevaa pete ya dhahabu au fedha, hiyo ni dalili kubwa kwamba zebaki ipo. Haidrokwinoni (Hydroquinone), dawa ya kung'arisha ngozi, nayo imekatazwa kwenye vipodozi Tanzania na Kenya. Kwa hapa kwetu vipodozi viko chini ya TBS, Shirika la Viwango, tangu 2019, kabla ilikuwa TFDA, Mamlaka ya Chakula na Dawa, kwa hiyo muuzaji akikwambia ina kibali mwambie akuonyeshe alama. Sabuni isiyo na orodha kabisa rudisha kwenye shelfu, hata kama shangazi yako ndo anauza.

Turudi kwa mdogo wangu. Ya 8,000 ilikuwa maji, Sodium Laureth Sulfate, chumvi, betaine, manukato. Ya 22,000 ilikuwa maji, ile Olefin Sulfonate, betaine, manukato, yani 14,000 zaidi na upole hauoni. Yeye ngozi yake kavu mpaka inatoka unga pembeni ya pua. Nikamwambia acha zote, angalia shelfu la chini, akapata ya 12,000 chupa haina hata picha: maji, glisirini, Cocamidopropyl Betaine, Coco-Glucoside, manukato hamna. Nikamwambia siku tatu paka pembeni ya taya tu, isipowasha ndo upake uso mzima, usiku, mara moja. Leo ni siku ya nne tangu aanze kupaka uso mzima, kanitumia picha ya pua, ule unga umeanza kupungua.