Kukagua pampu ya besimenti kwa masikio na mikono

Kama huoni na nyumba yako ina besimenti, yaani chumba cha chini ya ardhi, iwe Minnesota au Toronto, usingoje theluji ianze kuyeyuka ndipo ujue kama pampu inayotoa maji yanayojikusanya huko chini ni nzima au la. Mimina ndoo ya maji ya lita 20 polepole kwenye shimo pampu ilimowekwa, kiganja kimoja kikiwa kwenye bomba la kutolea maji. Boya likipanda, pampu itaanza kuvuma, na bomba litatetemeka na kupoa maji yanapopita. Ikizima, sikiliza kishindo kifupi: hiyo ni vali ya kuzuia maji yasirudi. Yakirudi kwa wingi shimoni, vali imechoka. Ikivuma tu bila bomba kupoa, huenda kuna kitu kimeziba. Chomoa plagi kabla hujatia mkono humo, tafadhali sana.

Kuta nazo zipapase, hasa pale zinapokutana na sakafu. Ungaunga unaobaki vidoleni mara nyingi ni chumvi iliyoachwa na maji yanayopenya.

Kengele ya maji, ile ndogo ya betri inayolia ikilowa, iweke karibu na shimo. Ikilia, usishuke kabla umeme wa huko chini haujazimwa.