Kabla hujalipeleka neno "tamasha" Tehran, Lahore au Pune

Ukitaka kumwalika Mwajemi au Mpakistani kwenye tamasha, usidhani ameshakuelewa kwa kuwa neno analo. Analo kweli, ila la kwake lilishika njia nyingine.

Anza na lilikotoka. Kwa Kiarabu lilikuwa jambo la miguu: tamashi, kutembea pamoja, mzizi mmoja na masha, kwenda kwa miguu. Waajemi wakalichukua, wakaligeuza mwisho wake, na yale matembezi ya kupunga upepo yakawa kutazama. Hadi leo tamasha kardan ni kutazama tu. Mtu yuko peke yake sebuleni, miguu juu ya kochi, anafuatilia taarifa ya habari. Umuulize anafanya nini, atakujibu "televiziyon tamasha mikonam". Hakuna jukwaa, hakuna ngoma wala kiingilio. Kwa hiyo bango la kwenda Iran liandike jashnvare, ndilo tamasha letu hilo. Sikio nalo liandae: a zao ndefu huelekea kwenye o, na Watajiki, ambao nao husema Kiajemi cha kwao, wameamua kuandika kabisa tamosho.

Kwenye Kiurdu, lugha ya Pakistani, ndiko kwenye utelezi. Neno linaandikwa kwa herufi zilezile za Kiajemi, kwa hiyo macho hayatakuonya. Tamasha hapa ni onyesho, kama la mchezesha kima au la mtu wa mazingaombwe mtaani, lakini pia ni kioja. Mtoto akijigaragaza dukani kwa ajili ya peremende, mama yake atamwambia huku ameuma meno: "Tamasha mat karo!" Yaani acha vituko, watu wanatutazama. Sasa wewe msifie mwenyeji wako wa Lahore kwamba harusi ya dada yake ilikuwa tamasha kubwa, uone atakavyokukazia macho. Sema jashn, na kama ni mkusanyiko wa watu wengi wenye vibanda na bembea, sema mela. Kuna na tamashbin, ambalo kwa juujuu ni mtazamaji, ila hubeba pia sifa ya mwanamume wa kushinda kwenye nyumba za starehe. Mimi nisingeligusa.

Ukifika Maharashtra, jimbo la India ulipo mji wa Pune, waulize wenyeji kwanza. Kwa Kimarathi Tamasha ni jina la sanaa yao mahususi, mchezo wa jukwaani wenye nyimbo na uchezaji wa lavani, ukisindikizwa na ngoma ya dholki. Wasanii wake wengi walitoka kwenye matabaka yaliyodharauliwa, na dharau hiyo ikalifuata neno lenyewe. Sherehe ya kawaida ni utsav.

Jina rasmi la shughuli likiwa na neno hilo, mfano Tamasha la Nchi za Jahazi la Zanzibar, liache lilivyo. Chini yake, kwa lugha ya msomaji, andika tu kuna nini: filamu, muziki, siku na saa ya kuanza.