Kudai fao la kukosa ajira na kurudi kazini bila deni

Peleka dai wiki ileile unayoachishwa kazi. Mara nyingi malipo huhesabiwa kuanzia siku ya maombi. Ambatisha barua ya kuachishwa, hati za mshahara na kitambulisho. Barua isome kwanza: ikisema "ameacha kwa hiari" ilhali umepunguzwa, dai litakwama, kwa hiyo mwombe mwajiri airekebishe kwa maandishi.

Vibarua unavyofanya ukiwa bado unapokea fao navyo hutajwa kwenye fomu. Hapa ndipo wengi huharibu: wanaandika pesa waliyoshika mkononi, wakati fomu kwa kawaida inataka kiasi kabla ya makato, kwa wiki uliyofanya kazi, hata kama hujalipwa. Ukipata ajira, toa taarifa siku unayoanza, usingoje mshahara. Fao ulilolipwa kupita stahili yako utadaiwa ulirudishe. Ukikataliwa, kata rufaa kabla ya muda ulioandikwa kwenye barua kuisha.