Kujiandaa kwa Mazoezi ya Kwanza ya Fidla katika Okestra

Yeyote anayekusudia kuishi kwa fidla jijini Nairobi ajue tangu mwanzo kwamba riziki yake haitatoka okestrani peke yake, kwa kuwa hata Nairobi Orchestra hutegemea wanamuziki wanaojitolea. Wengi wetu tunakula kwa kufundisha watoto, kupiga kwenye harusi na kurekodi studioni. Hata hivyo, jina linalokuletea kazi hizo hujengwa okestrani, na hujengwa kwa maandalizi.

Ukikabidhiwa nota, usikimbilie upinde. Sikiliza kwanza rekodi nzima huku ukifuatisha mstari wako kwa kidole, utambue ni wapi fidla zinabeba wimbo na ni wapi zinafunikwa na tarumbeta, maana penye wimbo ndipo panapostahili jioni zako. Kisha weka alama za upinde kwa penseli, zilingane na za kiongozi wa fidla, kwa kuwa pinde kumi na mbili zikishuka na wako ukapanda, ukumbi mzima utaliona kosa kabla ya kulisikia. Kifungu kigumu kipige kwa nusu ya kasi, na usiongeze mwendo mpaka kipite mara tatu mfululizo bila kosa. Ukipangwa fidla za pili, yaani kundi linaloandamana na fidla za kwanza zinazobeba wimbo mara nyingi, usinung'unike; kwangu mimi hiyo ndiyo shule bora ya kusikiliza wenzako.

Chombo nacho kinataka uangalizi. Januari na Februari, hewa ya Nairobi inapokauka, mbao husinyaa, vigingi vya kukazia nyuzi huteleza na nyuzi hulegea zikiwa ndani ya kasha. Beba uzi wa E wa akiba, kwani ndio mwembamba kuliko wote na hukatika upesi. Ndani ya matatu, kasha lipakate. Niliwahi kukubali langu liwekwe nyuma chini ya mizigo, nikalifungua na kukuta daraja, kile kibao kinachobeba nyuzi, limeanguka.

Fika nusu saa mapema. Obo, ala ya kupuliza ambayo okestra hujilinganisha nayo, ikitoa sauti ya A, linganisha uzi huo kwanza, kisha mingine, kwa upinde mwepesi usiowazima wenzako. Wapigaji wawili hutumia stendi moja ya nota: aliye mbali na hadhira ndiye anayefungua kurasa, akiacha kupiga nota mbili tatu kabla ukurasa haujaisha ili mwenzake asikwame, na mwongozaji anapobadilisha alama, mfungua kurasa huyo ndiye anayeiandika kwa niaba ya wote wawili.