Kupiga video inayofundisha kwa simu: mfano wa chupa, chumvi na mahindi

Natengeneza video fupi za kilimo, na nyingi huishia kwenye makundi ya WhatsApp ya wakulima. Watu huniuliza wanunue simu gani. Kabla ya simu, jiulize kwanza kama jambo lako linahitaji kuonekana. Bei ya mahindi ya leo pale soko la Kibaigwa inatosha kwa ujumbe wa maandishi. Maelezo marefu ya bwana shamba yanakaa vizuri kwenye ujumbe wa sauti, mtu anasikiliza huku anapalilia, na bando linaliwa kidogo. Video ni ya kitendo: mikono inafanya kazi, kitu kinabadilika, na anayetazama lazima aone mabadiliko hayo ndipo aweze kuyarudia nyumbani kwake.

Nitatumia mfano mmoja mpaka mwisho: kupima ukavu wa mahindi kwa chumvi. Unachukua chupa ya kioo iliyo kavu, unatia mahindi kama theluthi moja, unaongeza vijiko viwili vitatu vya chumvi kavu, unafunga, unatikisa vizuri, kisha unaiacha itulie kwa robo saa. Chumvi ikinata kwenye kuta za chupa, mahindi bado yana unyevu mwingi, zaidi ya asilimia 15 hivi, na hayafai kuingia ghalani. Mahindi yanayohifadhiwa mabichi huota ukungu, na baadhi ya ukungu huo hutoa sumukuvu. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Mwaka 2004 iliua watu zaidi ya 100 Kenya, wengi wao Ukambani. Ndiyo maana video hii ya dakika moja na nusu naichukulia kwa uzito wote.

Hatua ya 1: Andika sentensi moja

Iandike kwenye karatasi kabla hujawasha kamera: "Akimaliza kutazama, mkulima aweze kupima mahindi yake kwa chumvi bila kumuuliza mtu." Kila picha isiyosaidia sentensi hiyo haina nafasi. Historia ya mahindi haina nafasi, hotuba ya mwenyekiti wa kikundi haina nafasi.

Hatua ya 2: Gawa ukurasa mara mbili

Kushoto andika kinachoonekana, kulia kinachosikika. Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, na wengi hupaharakisha. Kama kushoto umeandika "mkono unatia chumvi" na kulia "sasa ninatia chumvi", safu moja inakula nafasi bure. Sauti ibebe kile ambacho jicho haliwezi kukiona. Jicho linaona chumvi ikimiminika. Halioni kwamba chumvi hiyo ilianikwa juani kwanza. Jicho linaona chupa safi. Halioni kwamba kipimo hiki ni cha makadirio, kwamba chumvi isiponata mahindi yamekaribia tu, na kwamba kiwango cha kuhifadhi ni unyevu usiozidi asilimia 13.5, ambao huthibitishwa kwa mashine. Hayo yote ni ya safu ya kulia.

Usiandike hotuba ya kukaririwa. Anayeonekana akiijua kazi yake ataisema kwa maneno yake, na wenzake watamwamini.

Hatua ya 3: Piga kitendo kwa umbali wa aina tatu

Picha ya mbali inasema tuko wapi: uwanja, turubai, mahindi yameanikwa. Picha ya kati inaonyesha mtu kuanzia kiunoni, na tunajua nani anafanya. Picha ya karibu ndiyo inayofundisha. Katika video ya namna hii, zaidi ya nusu ya muda iwe ya karibu. Usikuze picha kwa vidole, inapoteza ubora. Sogea wewe na simu yako.

Kila picha ishike sekunde kumi bila kutikisika, hata kama utatumia tatu. Kama huna stendi, egemeza viwiko kwenye meza au ukuta. Amua tangu mwanzo kama utapiga simu ikiwa wima au imelala, na usichanganye. Kwa watu wanaotazama kwenye simu, wima inatosha. Kaa upande mmoja wa mtu na chupa yake. Ukizunguka ukapiga na upande wa pili, mkono wa kulia utaonekana umehamia kushoto na mtazamaji atachanganyikiwa.

Sasa ile picha moja inayobeba video nzima: chumvi ikiwa imenata. Chumvi ni nyeupe na kioo hakina rangi, kwa hiyo ukipiga chupa mbele ya ukuta mweupe hakuna kitakachoonekana. Banua lebo yote. Tundika kitambaa cheusi au kitenge cha rangi nzito nyuma, mbali kidogo na chupa. Mwanga utoke ubavuni, dirishani au mlangoni, ili kila chembe ya chumvi ing'ae. Shika chupa shingoni, alama za vidole zisije zikafanana na unyevu. Gusa na ukandamize kidole kwenye kioo cha simu, pale chupa ilipo, mpaka ulengaji ujifunge. Usipofanya hivyo simu itahangaika kati ya chupa na kitambaa. Kisha weka chupa mbili pamoja, moja ya mahindi mabichi na moja ya makavu, uache picha itulie. Usizungumze hapo. Tofauti ionekane kwa macho.

Kuhusu mwanga wa nje, piga kabla ya saa nne asubuhi au baada ya saa kumi jioni. Jua la utosini linatia kivuli machoni, na mwenye kofia hutamwona uso kabisa. Ndani ya nyumba yenye taa za umeme, kama simu inaruhusu, chagua fremu 25 kwa sekunde (fremu ni zile picha moja moja zinazounda video). Umeme wetu ni wa hezi 50, na kwa fremu 30 baadhi ya taa huonekana zikipepesa.

Hatua ya 4: Sauti

Mtu huvumilia picha mbaya akisikia vizuri. Kinyume chake hafiki sekunde ya kumi. Simu iliyo mita mbili kutoka kwa msemaji inachukua upepo, kuku na bodaboda. Chukua simu ya pili, izime mtandao, washa kinasa sauti na uitie mfuko wa shati la msemaji. Simu zote mbili zikisharekodi, piga kofi moja mbele ya kamera. Kofi hilo ndilo utakalolinganisha baadaye wakati wa kuunganisha.

Kabla ya yote, omba ruhusa, na useme wazi video itafika wapi. Tanzania ina sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ya mwaka 2022, Kenya ya mwaka 2019, lakini hata bila sheria ni heshima. Kisha: "Shikamoo mama. Naomba ufanye kama unavyofanya siku zote. Usiniangalie mimi, angalia chupa." Mwache arudie kitendo mara mbili tatu, wewe ukibadilisha umbali.

Hatua ya 5: Hariri na utume

Programu ya simu ya kuhariri kama CapCut au InShot inatosha. Anza na chupa mbili zikionekana, siyo nembo na muziki. Usiweke muziki chini ya mtu anayezungumza. Maandishi yawe makubwa na machache, maneno manne au matano, kwa ajili ya anayetazama bila sauti. Sauti nayo ijitosheleze kwa asiyesoma. Ukimaliza, toa video iliyokamilika ("export") kwa ukubwa wa picha wa 720p, kasi ya megabiti 2 hivi kwa sekunde: hiyo ni kama MB 15 kwa dakika, na video yetu itakuwa na MB 22 au 23.

Hatua ya 6: Mjaribishe mtu mmoja kabla ya kundi

Tafuta mkulima ambaye hajawahi kuona kipimo hiki. Mwonyeshe video mara moja, kisha mpe chupa, chumvi na mahindi, ukae kimya. Tazama mikono yake inasita wapi. Akitia chumvi mbichi, sauti haikusema la kuianika. Akitikisa mara mbili akaiweka chini, picha ya kutikisa ilikuwa fupi. Akiuliza "sasa hapa imenata au haijanata?", rudi kwenye kitambaa cheusi na mwanga wa ubavuni, piga picha hiyo upya, uipachike mahali pa ile ya kwanza.