Kula na Kulala kwa Anayekesha Kazini: Mwongozo kwa Wafanyakazi wa Usiku wa Kigoma

Alfajiri katika mwalo wa Kibirizi, mitumbwi ikishapakua dagaa na akina mama wakianza kuwaanika, wavuvi waliokesha ziwani huketi kwa mama lishe kunywa chai kabla ya kwenda kulala. Nimemtazama kijana mmoja akitia vijiko vinne vya sukari kikombeni, akala maandazi matatu, akaagiza kikombe cha pili na kukitia vijiko vinne vingine. Kijiko cha chai kisicho na kichuguu hubeba takriban gramu 4, kwa hiyo alikuwa amekwisha kupita gramu 30 kabla jua halijachomoza vizuri, ilhali Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidi takriban gramu 50 kwa siku, na ikiwezekana abaki chini ya 25.

Tatizo lake, hata hivyo, si sukari peke yake bali pia saa aliyoila. Ndani ya ubongo mna saa inayoongozwa na mwanga uingiao machoni, na karibu kila kiungo kina saa yake ndogo inayoifuata ile kubwa; wanasayansi watatu wa Marekani, Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2017 kwa kueleza namna saa hizo zinavyofanya kazi ndani ya seli. Usiku, homoni ya melatonini inapopanda, kongosho hutoa insulini, homoni inayoshusha sukari katika damu, kwa uvivu, na ndiyo maana ugali uleule wa muhogo ukiliwa saa nane usiku huacha sukari nyingi zaidi katika damu kuliko ukiliwa saa saba mchana. Usingizi ukipungua, nayo homoni ya njaa huongezeka na ile ya shibe hupungua, hata mtu akatamani vitu vitamu bila kujua sababu. Hali hiyo ikiendelea kwa miaka, huongeza uwezekano wa kitambi, shinikizo la damu na kisukari cha aina ya pili.

Kwa hiyo, ule mlo wako mkuu kabla ya kuingia zamu, saa kumi na mbili au saa moja jioni, uwe na maharage au samaki na mboga za kutosha. Kuanzia saa sita usiku hadi alfajiri, mlinzi aliyeketi lindoni au muuguzi wa wodini anaweza kutosheka na maji, konzi ya karanga au yai la kuchemsha. Mvuvi anayevuta nyavu kwa mikono anahitaji zaidi, naye abebe viazi vitamu na samaki badala ya soda na vinywaji vya kuongeza nguvu. Ukitoka kazini, pata kifungua kinywa chepesi ili njaa isikuamshe. Lakini anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari asiache mlo wowote kabla ya kuongea na daktari wake, kwa kuwa sukari inaweza kushuka ghafla na kumhatarisha.

Usingizi wa mchana unahitaji kulindwa, na hapa ndipo ninapoona watu wakishindwa, kwa sababu kwetu anayelala mchana huhesabiwa mvivu na kila apigaye hodi hutaka aamshwe. Ielezeni familia na majirani mapema, na mkubaliane saa ambazo hutaitwa. Vaa kofia pana na miwani ya jua unaporudi nyumbani, ziba dirisha kwa vitenge viwili vizito, na chagua chumba kisichopigwa na jua la bati. Funga chandarua hata mchana. Kahawa ikome saa nane usiku, maana nusu ya nguvu yake hubaki mwilini baada ya takriban saa tano. Lengo ni saa saba za usingizi, hata zikigawanywa mara mbili.

Wavuvi wa dagaa wana jambo lao la pekee. Mbalamwezi ikikolea, taa hazivuti dagaa, nao hupumzika siku kadhaa, kisha siku za giza huwarudisha kazini, kwa hiyo saa ya mwili huvurugwa kila mwezi. Katika mapumziko hayo usigeuze ratiba yote kwa siku moja: sogeza saa ya kulala kwa saa moja au mbili kila siku. Pombe ya mapumziko nayo hukatakata usingizi, hata kama humfanya mtu asinzie upesi.

Anayekaa muda mrefu kazini atembee kwa haraka dakika 30, siku tano kwa wiki.

Mwisho, upimwe. Zungusha futi ya fundi cherehani kitovuni: sentimita 94 kwa mwanaume na 80 kwa mwanamke ni dalili ya kwenda kituo cha afya. Kipimo cha sukari kabla ya kula kinataka saa nane bila chakula, hivyo aliyekunywa chai lindoni saa kumi alfajiri hajafunga hata akifika asubuhi na mapema. Amwambie mhudumu ukweli huo, au achague siku inayofuata usiku wa mapumziko. Matokeo ya milimoli 6.1 hadi 6.9 kwa lita (mmol/L) ni onyo, na yakifika 7.0 yarudiwe siku nyingine ili kuthibitisha kisukari.