Kabla ya kuuliza njia kwa Kiingereza

Swali ni rahisi, kazi iko kwenye jibu. Mtu anakariri "Where is the bank?" mpaka linateleza mdomoni, kisha anajibiwa kwa sentensi nne za mbio na kubaki anaitikia tu. Kwa hiyo unapojiandaa, mazoezi mengi yawe ya kusikiliza.

Swali lenyewe lianze na "Excuse me", usubiri mtu akutazame. Kama hujui iwapo kuna duka la dawa karibu, uliza "Is there a pharmacy near here?" Kama unajua lipo, "How do I get to the pharmacy?" inatosha. Ukitaka kuongeza adabu, angalia "is" inakaa wapi: "Can you tell me where the pharmacy is?", si "where is the pharmacy". Hata hivyo, ukikosea hapo utaeleweka.

Jua pia uko nchi gani. Choo ni "toilet" Uingereza, "restroom" Marekani, "washroom" Kanada. Neno "subway" ndilo la hatari zaidi: New York ni treni ya chini ya ardhi, lakini London ukifuata kibao chenye neno hilo utajikuta kwenye njia ya waenda kwa miguu inayopita chini ya barabara. Vivyo hivyo "first floor" ya Marekani ni ya chini kabisa, ya Uingereza ni ya juu yake.

Sasa jibu. "Take the second left" maana yake acha barabara ya kwanza ya kushoto, ingia ya pili. Wengi hukata kushoto mara mbili, wakaishia kurudi walikotoka. "Go past the church" ni kulipita kanisa na kuliacha nyuma, usisimame hapo. "Opposite" ni mkabala, yaani utavuka barabara. "Next to" ni ubavuni, huvuki. Ukiambiwa "a mile", hesabu kilomita 1.6. Ukiambiwa "five minutes", uliza "On foot?", maana huenda mwenzako anahesabu kwa gari. Na namba za basi: "fifteen" mkazo uko mwishoni, "fifty" uko mwanzoni, ukitilia shaka, uliza "One five or five zero?"

Kabla ya kuondoka, rudia ulichosikia: "Second left, then past the church?" Usimalizie kwa "right?", kwa sababu akijibu "Right" hutajua kama amekubali au amekuongezea kona ya kulia. Hatua zikizidi tatu, shika mbili za mwanzo, zifuate, kisha uulize mtu mwingine ukifika huko.